Shajara ya mradi: kutoka divisheni foo hadi chuo cha uuguzi, Moshi

20 Januari 2024

Naandika haya kwenye kompyuta ya steshenari, bosi kaenda kula. Mradi wenyewe hauna jina la kuvutia: kuingia chuo cha uuguzi nikiwa na divisheni foo, daraja la mwisho kabla ya ziro, ya pointi 27, niliyoipata kidato cha nne 2019. Nauandikia shajara kama wafanyavyo wanaojenga nyumba na wanaofuga kuku. Nimekaa nao kichwani miaka minne na haujasogea.

Cheti changu, bila kuficha kitu: Kiswahili C, Uraia C, Kiingereza D, Historia D, Jiografia D, Biolojia D. Kemia F, Fizikia F, Hisabati F.

Kwa nini nesi? Najua wengi wana hadithi ya bibi aliyelazwa wakaguswa. Mimi sina. Damu hainitishi, napenda kazi yenye zamu, na shangazi ninayekaa naye hapa Pasua alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka mingi. Alikuwa akirudi alfajiri ananukia spiriti na sabuni, mimi naamka kujiandaa na shule, naikuta ile harufu jikoni. Niliipenda. Basi, ndiyo hiyo.

27 Januari

Kichekesho cha maisha yangu: kila mwaka, dirisha likifunguka, kazi yangu hapa dukani ni kuwajazia watu maombi ya vyuo. Nimewajazia wengi sana. Kuna watu wameshamaliza na kuajiriwa, fomu yao niliibonyeza mimi. Lakini sifa za kozi huwa nazisoma kwa ajili ya mteja, sijawahi kuzisoma kwa ajili yangu. Nilishajihukumu zamani.

Leo nimefungua mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kama vile mteja ni mimi. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, miaka mitatu. Wanataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ya dini hayahesabiki, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ukiwa nazo ni nyongeza. Ufaulu maana yake ni D kwenda juu, na D ya kidato cha nne inaanzia alama 30.

Nimesoma mara tatu nikilitafuta neno divisheni. Halimo.

Nimekaa nikacheka peke yangu mpaka mteja wa fotokopi akauliza kuna nini. Miaka yote hii nimekuwa nikiulizwa "ulipata divisheni ngapi?" na mimi najibu huku nimeinamisha kichwa. Kuna jirani yetu ana divisheni thrii ya pointi 23, kijana mwenye heshima zake, hata shangazi humtolea mfano. Lakini Fizikia na Kemia aliziacha kidato cha tatu, akaenda upande wa arts. Kwa mlango huu wa uuguzi yeye na thrii yake yuko nyuma yangu. Mimi nina F mbili za kuondoa. Yeye hana hata F.

Nimechungulia na ya shahada, kwa kujiumiza tu: inataka kidato cha sita, Kemia isiyopungua C, Biolojia D, na la tatu, Fizikia kwa mfano, E. Hiyo siyo njia yangu kwa sasa. Anayemaliza stashahada na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 anaweza kuomba shahada baadaye, akitimiza na masharti mengine, kwa hiyo njia haijafungwa kabisa.

Kwa hiyo mradi umepata kipimo: Kemia 30, Fizikia 30. Nikiweza, Biolojia ipande.

10 Februari

Nimejisajili kurisiti, yaani kurudia mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo manne: Kemia, Fizikia, Biolojia, Hisabati. Namba yangu sasa inaanza na P, ya wa kujitegemea, badala ya S, ya wa shuleni. Mkuu wa kituo ameniangalia, akaangalia fomu, akasema, "Dada, hizo zote sayansi?" Nikasema ndiyo mwalimu. Akagonga muhuri.

Jambo moja alilonieleza ambalo sikulifikiria: mwanafunzi wa shuleni ana alama za maendeleo anazokuja nazo. Mimi sina. Nitakachoandika Novemba ndicho hichohicho.

24 Februari

Nimeliwa elfu thelathini, na naandika kwa sababu niliahidi kutoficha.

Wiki mbili zilizopita alikuja mtu dukani na flashi, anataka vipeperushi 200. "Uuguzi kwa mwaka mmoja, hata wenye D mbili, ajira uhakika." Nilimpangia maandishi mimi mwenyewe. Nikamchagulia na picha ya nesi anayetabasamu. Halafu, vipeperushi vikiwa bado vya moto kutoka kwenye mashine, nikanunua fomu yake. Nilikuwa mteja wake wa kwanza, kwa tangazo nililomchapia kwa mkono wangu.

Jioni nikamwonyesha shangazi.

"Shangazi shikamoo."

"Marahaba. Lete nione." Akavaa miwani. "Wamesajiliwa wapi hawa?"

"Wamesema usajili uko njiani."

"Uko njiani unatoka wapi?"

Nikanyamaza. Akaniambia kuhusu ule uhakiki wa vyeti wa 2017, uliotoa majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Anasema siku ile wodini kuna watu waliondoka katikati ya zamu, wengine hawakurudi hata kuchukua sufuria zao. "Hawa wako si wa kughushi," akasema, "ila cheti kisichotambulika mwisho wake unafanana na huo."

Nimetafuta jina la chuo kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Hakipo. Simu ya yule bwana inaita tu. Sasa mteja akinijia na chuo asichokijua, kabla hajatoa hata mia namwingiza kwanza kwenye orodha. Bosi anasema nafukuza wateja.

16 Machi

Tuisheni imeanza. Mwalimu wa Kemia ni mzee mstaafu, anafundishia sebuleni kwake Majengo. Tuko tisa. Wanane wana miaka kumi na saba au kumi na nane, mimi ishirini na tatu. Wameshanipa jina: Matroni. Nimelipokea.

Mgao wa umeme unatuua dukani, ila kwa mradi ni neema. Umeme ukikatika hakuna wateja, nasoma.

13 Aprili

Mvua. Njia ya Pasua ni tope mpaka magotini. Nimefika kwa mwalimu viatu mkononi.

Leo kimetokea kitu nataka nikiandike vizuri. Mwalimu aliniuliza kwa Kiswahili, tu kama maongezi: kwa nini maji ya chumvi yanapitisha umeme na chumvi kavu haipitishi? Nikamjibu. Kwamba kwenye chumvi kavu ioni zimeshikana hazina pa kwenda, kwenye maji zinaachana, zinatembea, na kutembea kwake ndiko kubeba umeme. Akatikisa kichwa. Halafu akanipa pepa ya zamani, swali lilelile kwa Kiingereza, dakika tano. Nikaandika mstari mmoja na nusu, na ule nusu ulikuwa ni kurudia swali.

Akaweka majibu mawili pembeni, la mdomo na la karatasi. "Binti, Kemia unayo. Usichokijua ni unaambiwa ufanye nini."

Sijui niseme nini kuhusu hili bila kukasirika. Darasa la kwanza mpaka la saba nilisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza nikahamishiwa Kiingereza kama mtu anayeshushwa kwenye Hiace sehemu asiyoijua. Si mimi peke yangu, najua. Lakini F yangu ya Kemia nilikuwa naisoma kama kipimo cha akili.

Mwalimu ametuandikisha vitenzi vya Kiingereza vya maswali ya mtihani, kila kimoja na kinachotaka, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Hiki kikitokea, taja, maneno matatu yanatosha, ukizidisha unapoteza muda. Hiki kikitokea, toa sababu, na jibu lisilo na "kwa sababu" halina alama. Hiki kinataka utofautishe: chora mstari katikati, kushoto na kulia, kila pointi iwe na mwenzake. Vitenzi kumi na moja. Nimevibandika ukutani dukani juu ya mashine ya fotokopi, na sasa wanafunzi wanaokuja kutoa kopi wanavipiga picha.

8 Juni

Maabara! Mwalimu ametuombea shule moja ya sekondari watupe maabara Jumamosi mchana, tunachanga elfu tano kila mtu kwa kemikali.

Mwaka 2019 bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini, nilikuwa naiona juu ya vichwa vya watu. Tulikuwa darasa kubwa na vifaa vichache, wenye mabega walifika mbele, sisi wengine tulinakili namba kutoka kwao. Leo nimeishika mwenyewe. Ni nyembamba kuliko nilivyodhani, na koki yake inataka vidole laini, siyo vya kufungulia bomba la maji.

Kazi ni kutafuta asidi kiasi gani inamaliza nguvu ya soda, ile besi ya maabara. Unapima soda kwa pipeti, mililita 20, unaiweka kwenye chupa. Matone mawili ya MO (methyl orange), dawa ya kuonyesha rangi, inakuwa njano. Asidi iko kwenye bureti juu. Unafungua, unatikisa chupa kwa mkono mwingine, unaangalia. Mwanzo hakuna kitu. Unafungua zaidi kwa sababu umechoka kusubiri, na hapohapo inageuka pinki ya soda ya sitroberi, umeshapita. Hiyo ya kwanza ni ya majaribio, mwalimu akasema, ndiyo maana inaruhusiwa kuwa mbaya: mililita 24.30 za asidi.

Ya pili nimeshuka haraka mpaka 22, nikaanza tone moja moja. Tone, tikisa. Tone, tikisa. Kuna tone linadondoka, pinki inaonekana pale lilipoangukia halafu inapotea. Linalofuata inachelewa kupotea. Halafu kuna tone moja tu, na chupa nzima inageuka na haibadiliki tena. 23.60. Nyingine 23.50. Nyingine 23.60. Wastani 23.57.

Mwalimu amepita, akaangalia namba zangu tatu zilivyokaribiana, hakusema kitu, akaenda meza nyingine. Nimetembea kwa miguu kutoka pale mpaka stendi nikiwa na furaha ya kijinga.

13 Julai

Nimeacha Hisabati.

Nimejisajili, nimelipa, lakini saa hazitoshi. Natoka kazini saa kumi na mbili, tuisheni mpaka saa mbili usiku, na Hisabati inakula usiku wote unaobaki. Mwongozo unasema ni nyongeza, siyo sharti. Nikiigawia muda, Fizikia inabaki na 25 na mradi mzima unakufa. Mwenzangu mmoja wa tuisheni, anatoka Rombo, amesema nimekata tamaa. Labda. Ila yeye anasomea masomo saba na ana mama anayempikia.

Agosti

Malaria, wiki nzima. Nimesoma Biolojia ya malaria nikiwa na malaria.

7 Septemba

Fizikia. Nilikuwa naikimbia kuiandikia, mnaona imetokea Septemba.

Mwalimu wa Fizikia ni kijana, amemaliza chuo anasubiri ajira, anapiga pindi kwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Jambo lake kubwa ni grafu. Anasema hata usipojua kinachoendelea, grafu ina alama zilizolala tu: kichwa cha grafu, mihimili yenye majina na vizio, skeli inayotumia karatasi vizuri, nukta zenyewe, mstari uliopita katikati yao, pembetatu ya mteremko. Mtu wa F anaogopa swali la vitendo kwa sababu lina maneno mengi, kumbe ndipo alama zilipo.

Nimejaribu nyumbani, au tuseme dukani. Nimefunga ufunguo wa steshenari kwenye uzi, nikaning'iniza kwenye msumari wa kalenda, nikahesabu mibembeo ishirini kwa saa ya simu. Uzi wa sentimita 50, sekunde 28.6. Uzi wa mita nzima, sekunde 40.4. Nikagawa kwa ishirini, nikazidisha kwa yenyewe, nikachora pamoja na nyuzi nyingine tatu za urefu tofauti. Mteremko ukanipa mvutano wa dunia 9.7. Kitabuni ni 9.8. Aisee. Kwa ufunguo na uzi wa kushonea!

Bosi akaingia akakuta ufunguo unabembea ukutani na mimi naunong'onezea namba.

"Mdogo wangu, unaniloga duka?"

"Hapana bosi, napima dunia."

"Ipime nje. Kuna mteja."

19 Oktoba

Mtihani wa majaribio. Kemia 41, Biolojia 48, Fizikia 27.

27. Nimeipindisha karatasi nikaitia mfukoni, nikaitoa tena kwenye daladala. Alama tatu. Nimehesabu nilipozipoteza: vizio. Nimeandika namba bila kizio mara tano, na kila moja imenikata. Nilikuwa na D mkononi, nimeiangusha kwa kutoandika "sentimita".

Shangazi ameweka mtori mezani, akaniambia nile kwanza.

30 Novemba

Umeisha. Umeanza tarehe 11 na sina mengi ya kusema. Watoto wa sare walikuwa upande mmoja, sisi wa P upande mwingine, kuna mama mmoja amekuja na mtoto wa kunyonya akamwachia dada yake chini ya mti. Kemia ya vitendo mkono haukutetemeka. Fizikia kulikuwa na swali la lenzi sijui hata nilichochora. Vizio nimeandika vyote, hadi pale pasipohitajika.

15 Desemba

Kusubiri kunachosha kuliko kusoma. Shangazi ameona nazungukazunguka, akanipa kalamu.

"Lita moja ya maji ya drip. Daktari anataka iishe kwa saa nane. Seti yako inatoa matone ishirini kwa mililita. Dakika moja yadondoke mangapi?"

Nikaanza kusema mimi Hisabati niliacha. Akasema mgonjwa hajui hilo.

Basi. Mililita 1,000 mara matone 20, ni 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya: 41 na kitu. Nikasema arobaini na mbili. Akaniuliza utaihesabuje kitandani, nikasema kwa saa ya mkononi. "Unaweka saa karibu na chemba," akasema, "macho yaone vyote viwili kwa pamoja." Yeye hakuwahi kuwa nesi, darasa la saba tu, lakini miaka yote ile alikuwa amesimama pembeni ya masista na kusikiliza.

Ameniachia maswali manne mengine kwenye kipande cha kalenda. Nimeyapata matatu.

23 Januari 2025

Matokeo yametoka mchana. Mimi niko kazini.

Mtu yeyote aliyefanya kazi steshenari anajua siku hii. Duka limejaa hadi barazani, wazazi wameshika vikaratasi vya namba, mtandao unazunguka. Nimefungua matokeo ya watu kumi na saba kabla ya yangu. Baba mmoja alinipa namba ya binti yake, nikafungua, wani ya pointi 9. Akaniomba nirudie kusoma, nikarudia, akatoa elfu kumi kwa kazi ya mia tano na kuondoka bila chenji. Anayemfuata alikuwa kijana mwenyewe, ziro, akasema asante dada kwa sauti ya kawaida kabisa. Nimemkatalia pesa yake. Nilitaka kumwambia kitu, foleni ikasukuma.

Bosi ndiye aliyesema, "Fungua yako basi."

Kemia C. Biolojia C. Fizikia D.

Hisabati imeandikwa X, sikutokea. Nimeiangalia ile D ya Fizikia muda mrefu kuliko C zote mbili. Nikampigia shangazi, akapiga kigelegele kimoja kifupi kwenye simu, halafu akauliza kama nimekula.

14 Juni

Dirisha la maombi liko wazi. Kozi za afya zinaombwa kwenye mfumo mmoja wa pamoja, unaingiza namba yako ya mtihani, unachagua vyuo. Nimeingiza ile ya S ya 2019, kisha nikaongeza ya P ya 2024. Kuona zote mbili zimekaa kwenye ukurasa mmoja kumenipa raha ya ajabu.

Kikwazo: cheti cha kuzaliwa kina herufi "h" kwenye jina la ukoo, cha shule hakina. Herufi moja. Nimekwenda kwa wakili nikafanya kiapo. Kila mwaka nawaambia wateja walinganishe majina kabla dirisha halijafunguka, na mimi nimekumbuka dirisha likiwa wazi.

9 Agosti

Sikuchaguliwa.

Kosa ni langu na nalijua lilipo. Machaguo yote nimejaza vyuo vya serikali, kwa tamaa ya ada. Mteja wangu mmoja amechaguliwa kwenye chuo nilichokiweka cha kwanza, na kwa kuwa fomu yake nimejaza mimi, matokeo yake nayajua: B tatu. Mimi na C mbili na D nilikuwa na sifa, yeye alikuwa na sifa na B. Nafasi ni chache, wanaanza juu kushuka chini, wakafika mwisho kabla ya kunifikia. Hapa ndipo alama zinaporudi, na nisidanganye mtu kwamba hazina kazi. Mlango unafunguka kwa D. Kiti ni suala jingine.

Nimelala mapema.

23 Agosti

Awamu ya pili. Safari hii nimeanza na vyuo vya misheni na vya binafsi vyenye nafasi zilizobaki, kimoja tu cha serikali. Kila kimoja nimekihakiki kwenye orodha. Viwili nimevipigia simu nikauliza wanafunzi wao wanafanyia mafunzo kwa vitendo hospitali gani. Kimoja kilijibu papo hapo, wodi kwa wodi. Kingine kilisema "tutakuambia ukifika". Nimekiacha.

13 Septemba

NIMECHAGULIWA. Chuo cha misheni, upande wa mlimani, nikitoka Pasua ni daladala mbili.

Bosi amechapa barua yangu ya udahili kwa rangi, bure. Karatasi nzito, ile ya vyeti.

20 Septemba

Hela. Ada milioni moja na laki sita kwa mwaka, kwa awamu nne. Akiba yangu ya kikoba ni 412,000. Wanakikundi wamekubali kunikopesha laki sita, shangazi ndiye mdhamini. Baba mdogo wa Uru ameuza ndama, ametuma laki mbili na maneno mengi. Awamu mbili zipo na chenji ya vifaa. Ya tatu sijui. Bosi amesema likizo nirudi dukani, hasa Januari.

4 Oktoba

Orodha ya kujiunga ina vitu thelathini na mbili. Fomu ya daktari, chanjo ya homa ya ini, bima ya afya 50,400, godoro, ndoo mbili, rimu mbili, sare nyeupe mshono wao, viatu vya kufunika visivyopiga kelele. Viatu nimepata Kiborloni kwa elfu kumi na mbili, vya mtumba lakini soli nzima, muuzaji ameapa vimetoka kwa nesi wa Ulaya. Haya.

Kilichonisumbua ni saa. Orodha inasema saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, na vijana wa mjini wanauza za namba tu. Nimezunguka soko la Mbuyuni, nikapanda Double Road, nikarudi. Mzee mmoja fundi saa mwenye meza ya kioo barazani ndiye aliyekuwa nayo: uso mweupe, namba kubwa, mshale mwekundu wa sekunde. Elfu kumi na tano. Tumeshindana bei, nikachukua kwa kumi na tatu.

Nimefika nyumbani nikamkuta shangazi kwenye kochi. Nikamwomba mkono. Akanyoosha bila kuuliza, akaigeuza mwenyewe kiganja juu. Vidole viwili chini ya dole gumba, nimetafuta nikakosa, akanisogezea vidole vyangu kidogo, hapo. Nikaanza kuhesabu na mshale.

Nimefika sabini na moja akakohoa.

"Anza tena," akasema. "Dakika nzima. Usifanye nusu ukazidisha."

Nikaanza tena.